Forodhani kwa mguu: jinsi ya kuizunguka bustani na majumba yake kuanzia alasiri mpaka usiku

Watu wengi wakija Unguja wanapelekwa Forodhani, ile bustani ya ukingo wa bahari Mji Mkongwe, usiku, wanakula pweza, wanapiga picha za majiko na moshi, alafu wanarudi walikofikia. Hawana kosa, chakula kipo na ni kitamu kweli, ila saa hizo majumba yanayoizunguka bustani yamo kizani na mtu anaondoka bila kujua alikuwa kakaa mbele ya nini. Mreno alijenga hapa, Muoman akajenga juu yake, masultani wakaweka makasri yao, tajiri wa Kihindi akaweka hospitali, Muingereza akaja akatengeneza bustani. Wote wakitaka uso wa bahari. Bustani yenyewe ni ndogo, kuikatiza ni dakika chache, lakini ukiitumia kama kituo chako cha kutazamia mji hutotaka kuondoka mapema.

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye nusu siku, awe katoka Dar na boti ya asubuhi, awe katoka Mombasa, au hata mtu wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, ambae kila Idi yuko pale na watoto lakini hajawahi kuinua kichwa akatazama roshani moja vizuri. Fuata mpangilio kama ulivo, mana nimeupanga kwa jua.

Hatua ya 1: Chagua saa

Anza saa tisa au tisa na nusu alasiri. Sababu ni hii: majumba yote ya mbele yanatazama baharini, upande wa magharibi na kaskazini kidogo, kwa hiyo asubuhi jua linatokea nyuma yake na nyuso zake zote ziko kwenye kivuli, picha inatoka nyeusi na michoro ya mbao huioni. Kuanzia alasiri jua linageuka linapiga usoni moja kwa moja, na kila dakika ikipita zile rangi za chokaa zinazidi kuiva. Ukianza saa tisa unapata saa tatu za mwanga kabla ya magharibi na inatosha, ila usianze saa saba mchana utachoka na joto kabla hujafika hata Mtini, kwenye mti mkubwa wa hatua ya tatu.

Ulizia na maji pia. Muulize mvuvi yeyote au mtu wa boti maji yanajaa saa ngapi leo, kwa sababu jioni ya maji kujaa Forodhani inakuwa nyengine kabisa, nitasema huko mbele kwa nini. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, ndo bora zaidi.

Mwezi wa Ramadhani bustani mchana inakuwa kimya na hutakiwi kula wala kunywa hadharani, lakini baada ya futari na tarawehe inafurika watu mpaka usiku sana, mi naona ndo wakati mzuri kuliko yote kama unapenda kuona wenyeji wenyewe wakistarehe na familia zao. Masika, yaani kuanzia Machi mpaka Mei, beba mwavuli na ukubali kubadilisha mpango.

Nguo: funika mabega na magoti, mwanamme na mwanamke. Hapa watu wanaishi, wanasali, watoto wanatoka chuo cha Kurani, sio ufukwe wa hoteli. Viatu viwe vya kutembelea mana vichochoro vina mawe yanayoteleza. Na chenji, beba noti ndogo ndogo.

Hatua ya 2: Anzia Malindi, kwenye dispensari ya zamani

Usianzie bustanini. Anzia geti la bandari Malindi, shika barabara ya Mizingani bahari ikiwa mkono wako wa kulia, utembee kuelekea Forodhani. Watu wa boti wataona ni njia yao moja kwa moja. Ukitoka tu bandarini vijana watakujia kutaka kukuonesha mji, hao ndo papasi, wapo wastaarabu na wapo wasumbufu, waambie "ahsante kaka, najua njia" kwa Kiswahili kilichotulia na wengi watakuacha. Ukitaka mtembezaji tafuta mwenye kitambulisho cha kazi na mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua.

Jengo la kwanza la kusimama ni dispensari ya zamani, hutolikosa, lina ghorofa na roshani za mbao zilizochongwa mpaka utadhani ni kitambaa cha lesi kimetundikwa ukutani. Mwenyewe alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi wa Kiismailia, mtu aliyesimamia forodha ya sultani na akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar wakati wake. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka ambao Malkia Victoria alitimiza miaka 50 kwenye kiti, na nia ilikuwa iwe hospitali ya watu maskini. Tharia akafariki 1891 jengo halijaisha, likamalizwa 1894. Baadae likawa dispensari chini na daktari anaishi juu. Baada ya Mapinduzi likakaa, likachakaa vibaya, mpaka miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilipolifufua.

Hapa simama kweli, usipite. Vuka barabara usimame upande wa bahari uone uso mzima, alafu rudi karibu utazame chini ya roshani zile nguzo na vipande vilivyoning'inia, tazama vioo vya rangi juu ya milango. Mafundi wake walileta ufundi wa Gujarati, na ukishaliona hili jengo utakuwa na kipimo cha macho, kila roshani ya Kihindi utakayokutana nayo mjini utaijua. Kwangu mimi ndo jengo zuri kuliko yote kwenye ukingo huu, hata kuliko makasri.

Kwenye barabara hii hii, kabla hujafika Kasri, utapita jengo la forodha ya zamani ambapo kwa miaka mingi palikuwa na chuo cha muziki, watu walikuwa wakipita chini wanasikia kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla za taarab zinajaribiwa juu. Tazama mlango wake, umechongwa samaki na minyororo, nitarudi kwenye milango.

Hatua ya 3: Pumzika Mtini

Mti mkubwa unaouona barabarani ndo Mtini, ulipandwa 1911 na Khalifa bin Harub ambae mwaka huo huo alikaa kwenye kiti cha usultani. Kivuli chake ni cha kila mtu, wenye boti za kwenda kisiwa cha Changuu kutazama makobe wanasubiria wateja hapo, mafundi wanakaa, wazee wanakaa. Kunywa maji au dafu, dakika kumi zinatosha, endelea.

Hatua ya 4: Kasri na makaburi ya masultani

Jengo refu jeupe lenye kuta za meno meno juu ni Kasri, wazee wanaliita Beit al-Sahel, baada ya 1964 likaitwa Kasri la Wananchi na baadae likafanywa makumbusho. Hili unaloliona leo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890 kwa sababu lile la zamani lilipigwa mizinga, kisa chake kinakuja hatua ya tano. Familia ya sultani ilikaa hapa mpaka Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi, Sultan Jamshid alipokimbia kwa meli.

Ulizia mlangoni kama limefunguliwa, mana haya majengo kila baada ya muda yanafungwa kwa ukarabati, na kiingilio mwenyeji analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo uwe na kitambulisho. Ukifanikiwa kuingia usikimbilie viti vya dhahabu peke yake. Tafuta chumba cha Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani jirani yake, akatoroka kwa meli 1866 na kuishia Hamburg akiwa Emily Ruete. Na kule juu kuna vyumba vya wakati wa Sultan Khalifa, utakuta fanicha za kawaida tu, kabati la fomika kama la nyumba yoyote ya miaka ya 50, na ukilinganisha na vitu vya ghorofa za chini unaona mwenyewe jinsi nguvu ya kiti ilivyopungua, sultani amebaki na jina na Muingereza ana serikali.

Pembeni ya Kasri kuna makaburi ya ukoo wa kifalme. Yupo Seyyid Said mwenyewe, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat na aliyefariki baharini 1856 akiwa safarini kurudi, na yupo mwanawe Barghash. Ni makaburi, kwa hiyo sauti chini, usipande juu ya kitu chochote kwa ajili ya picha.

Hatua ya 5: Beit el Ajaib, litazame kutoka ukutani

Sasa ingia bustanini lakini usikae, ivuke yote mpaka ukuta wa bahari, geuka uipe bahari mgongo. Mbele yako kulia ni Ngome, kushoto kwake ni Beit el Ajaib, kushoto zaidi Kasri ulikotoka. Hapa ndo pa kusimama muda mrefu.

Beit el Ajaib lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, sio kwa ajili ya kulala bali kwa sherehe na kupokea wageni. Likawa jumba la mwanzo Zanzibar kuwa na taa za umeme na lifti, na ndo mana watu wakaliita la maajabu. Ila kwa mtu anaependa ujenzi ajabu yake kubwa iko kwenye upana. Nyumba zote za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, sasa boriti ya mkoko haiwi ndefu, ikizidi mita tatu hivi inaanza kulegea, kwa hiyo vyumba vya mji mzima ni virefu vyembamba hata kwa tajiri. Barghash akaleta chuma. Nguzo za chuma cha kuyeyusha nje kuzunguka baraza za ghorofa zote, na mihimili ya chuma ndani, ndo akapata kumbi pana na baraza zile kubwa zinazozunguka nyumba nzima. Enzi zake jumba lilikuwa limeungwa na makasri ya jirani kwa madaraja ya juu kwa juu, yamefunikwa, ili wanawake wa nyumba ya sultani wapite bila kuonekana na watu wa barabarani.

Sasa geuka kidogo utazame maji, mana kisa cha 1896 kilitokea hapo hapo ulipo. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25 na Khalid bin Barghash akaingia Kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao toka 1890. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya Agosti 27 awe ameshusha bendera na kutoka. Manowari tano za Kiingereza zilikuwa zimejipanga mbele ya bustani ya leo, karibu kiasi kwamba haikuwezekana kukosea shabaha. Saa tatu ikapita na dakika mbili, mizinga ikaanza, na haikufika hata saa moja nzima, wengi wanaihesabu dakika 38. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa na kujeruhiwa. Muingereza aliumia baharia mmoja. Khalid akakimbilia ubalozi wa Mjerumani, akavushwa Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti.

Kasri la wakati ule likawa magofu, na Beit al-Hukm, jumba lililokuwa katikati yake na Beit el Ajaib, likabomoka lisijengwe tena. Beit el Ajaib ikasalimika kwa sehemu kubwa, mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika, na mnara wa saa wa mbele ya jumba ukajengwa baada ya vita. Kuanzia 1911 likawa ofisi za serikali ya Kiingereza, baada ya Mapinduzi likatumika na chama cha Afro-Shirazi, baadae makumbusho, ndani waliweka mtepe, ile jahazi ya kushonwa kwa kamba za nazi isiyo na msumari hata mmoja.

Na hapa lazima niseme kwa uchungu. Mwaka 2012 kipande cha baraza kilianguka, jumba likafungwa. Disemba 25, 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Kwa mtu aliyekulia mjini ni msiba, hakuna namna nyengine ya kuuita. Kazi ya kulirudisha inaendelea kwa msaada wa Oman, kwa hiyo utaona mabati na vyuma vya mafundi, usijaribu kupenya ndani hata ukiahidiwa na mtu, litazame kutoka ulipo. Ukiwa na simu tafuta picha yake ya zamani uishike mbele yako ulinganishe, utaelewa kilichopotea na wanachojaribu kukirudisha.

Hatua ya 6: Ngome Kongwe

Vuka barabara uingie Ngome. Kuta nene za rangi ya udongo, minara ya mviringo, meno juu. Wareno walikuwa na kanisa dogo mahali hapa, na Waomani walipowatoa mwishoni mwa karne ya 17 wakajenga ngome juu ya eneo hilo, kwa kuogopa Mreno asirudi. Ndo jengo la zamani kuliko yote yanayoizunguka bustani. Ilipokwisha kazi ya vita ikafanywa jela, na kuanzia 1905 reli ya Zanzibar mpaka Bububu, yenye urefu wa kama maili 7, ikawa inapita mbele yake. Ndio, treni ilipita Forodhani, katikati ya watu, na leo hujui kama hujaambiwa.

Ndani mchana kuna maduka ya picha za Tinga Tinga na vinyago, na kiwanja chenye ngazi za kukalia ambapo matamasha makubwa ya filamu na muziki yamefanyika kwa miaka mingi, Sauti za Busara la muziki na ZIFF la filamu watu wameyajulia hapo. Kama siku hiyo kuna tamasha ni tiketi. Panda ngazi za kiwanja ukae juu kabisa upande wa jua, uone jinsi ukuta ulivyojengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yamejazwa chokaa tu. Usikwaruze ukuta wala usiandike jina, chokaa ya zamani ni laini, kucha tu inaacha alama.

Hatua ya 7: Ingia vichochoroni, angalau nusu saa

Toka Ngome, rudi upande wa bustani uelekee kusini magharibi, utaona barabara inapita chini ya nyumba. Hiyo nyumba ni ya watoto yatima, na hilo pango la chini ndo lango la mtaa wa Shangani. Pita, alafu jiachie upotee kidogo. Mji Mkongwe huwezi kupotea ukaishia mbali, ukinyooka upande wowote utatokea baharini au barabara kubwa ya Darajani.

Humu tafuta vitu vitatu tu, ukitaka kuona kila kitu hutoona kimoja.

Milango kwanza. Ukiona ubao wa juu umenyooka kama rula, na umechongwa maandishi ya Kiarabu au maua, huo ni wa mtindo wa zamani wa Kiarabu. Ukiona juu umepinda nusu mviringo na maua mengi yenye majani, huo una mkono wa Kihindi, mingi ni ya kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka asili yake ni India, wanasema kule ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita, huku ikawa pambo la mwenye mali. Kule chini ya fremu tazama kuna mawimbi na samaki, pembeni minyororo, sehemu nyengine mtende. Weka mkono karibu na fremu uone kina cha uchongaji, vidole vinaingia. Mlango ulionesha cheo cha mwenye nyumba kabla hujabisha hodi.

Pili mabaraza, yale mawe ya kukalia nje ya nyumba. Mwenye nyumba anapokea wageni hapo bila kuwaingiza ndani kwa wanawake, wazee wanakunywa kahawa, na mvua ikinyesha kichochoro kikageuka mto watu wanapita juu yake. Ukimkuta mtu amekaa msalimie kwanza, "shikamoo" kwa mkubwa, alafu ndo uliza lolote, na picha omba. Ukiwa na muda nenda mpaka Jaws Corner unywe kahawa chungu na kashata, watu pale wanazungumza siasa na kucheza dhumna na bao, utasikia habari za mji nzima.

Tatu, inua kichwa pale kichochoro kinapokuwa chembamba sana utazame anga. Wembamba ule una kazi, jua haligusi ukuta kwa muda mrefu na upepo wa bahari unavutwa ndani, ndo mana unaingia Shangani saa kumi alasiri unapata ubaridi wakati bustanini bado kuna moto.

Wapenzi wa Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kuna makumbusho yake Shangani yalofunguliwa 2019. Mimi ningebaki na milango.

Hatua ya 8: Rudi bustanini kabla ya saa kumi na mbili

Sasa ndo ukae. Kabla ya bustani hapa palikuwa pa forodha, mizigo ya karafuu na pembe inashushwa na kutozwa ushuru, mpaka bandari ilipohamia Malindi miaka ya 1920. Eneo likabaki wazi, na 1935 Waingereza wakaanza kutengeneza bustani kwa kumbukumbu ya miaka 25 ya Mfalme George wa Tano, wakaiita Jubilee. Watu wa mjini hawakujishughulisha na hilo jina, Forodhani ikabaki Forodhani. Katikati kile kibanda ndo beni ya sultani ilikuwa ikipigia muziki jioni, na ule upande wa baharini wenye tao jeupe ulijengwa kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret mwaka 1956.

Kufikia miaka ya 2000 bustani ilikuwa imechoka, ukuta wa bahari unaliwa na maji, usiku taa hamna. Ikafungwa Januari 2008, taasisi ile ile ya Aga Khan ikaijenga upya, ukuta, njia za mawe, taa, nyasi, sehemu ya watoto, ikafunguliwa tena Julai 30, 2009. Ndo unayoikalia.

Kaa karibu na ukuta, mana kama umebahatisha maji yamejaa, saa hizi ndo makachu. Vijana wanakusanyika ukutani, mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye njia, anakuja mbio peku, anakanyaga ukingo mguu mmoja, anajipindua hewani mara mbili, anaingia majini kichwa kwanza, na kabla povu halijatulia mwengine keshafata. Wanabuni mitindo, wanashangiliwa, wengine wamejulikana dunia nzima kwa video za simu. Ukipiga video watie moyo kwa chochote. Wewe mgeni usijaribu, na mtoto wako mshike mkono, mana chini kuna mawe na wao wanajua maji yamefika wapi kwa macho tu, wewe hujui.

Adhana ya magharibi ikilia punguza kelele, muziki wa simu zima. Wengi watakwenda kusali, wauzaji watakuwa wanawasha majiko.

Hatua ya 9: Kula, kwa akili

Zunguka meza zote mara moja kabla hujanunua. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye sahani, hapa ndo watu wanapolalamika, mtu anachagua chagua kamba na kaa na ngisi alafu anaambiwa jumla inamshtua. Vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani vingi vimeshapikwa na vinapashwa tu moto, kwa hiyo chagua meza yenye wateja wengi, hasa wenyeji, kwa sababu chao kinaisha na kinakuja kipya.

Ushauri wangu anza na juisi ya miwa. Tazama anavyofanya: anapitisha muwa kwenye mashine mara ya kwanza, anaukunja, katikati anaweka ndimu na kipande cha tangawizi, anapitisha tena, anaukunja tena, mpaka unatoka mkavu kama kamba. Kunywa pale pale. Alafu urojo, bakuli la mchuzi wa njano mchachu, ndani kuna viazi, bajia, kachori, mishikaki, juu chipsi za muhogo zilizosagika, chatne ya nazi na pilipili, mwambie pilipili kidogo kama hujazoea. Zanzibar pizza ni chapati nyembamba iliyojazwa nyama ya kusaga, vitunguu, yai, ikakunjwa ikakaangwa, watoto wanaipenda sana ya chokoleti na ndizi. Sahani na vikombe tia pipani, usiache juu ya ukuta, upepo ukivuma vyote vinaingia baharini na wale vijana wa makachu wanaogelea humo humo.

Kurudi: ukifuata mpangilio huu hutoiwahi boti ya jioni ya Dar, kwa hiyo panga kulala Unguja. Wanaokaa mashamba, yaani nje ya mji, watoke mapema kidogo wakatafute daladala Darajani kabla hazijapungua, na wanaolala ndani ya Mji Mkongwe washike njia zenye taa na watu, Shangani mpaka Minara Miwili usiku wa mapema hakuna tabu, ila vichochoro vya ndani kabisa saa sita usiku sio vya kupita peke yako na simu mkononi.